Uzoefu wangu: kutafuta alama za Spitfire ya babu kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza

Huduma ya kupakua daftari za vikosi vya RAF (Jeshi la Anga la Uingereza), zile za kundi la AIR 27 kutoka Nyaraka za Taifa zilizoko Kew, London, naipa nyota tano bila kusita. Nilikuwa natafuta alama za Spitfire, ndege ya kivita aliyoirusha babu yake mume wangu mwaka 1940: herufi mbili za kikosi na ya tatu ya ndege yenyewe, zilizopakwa ubavuni, pamoja na namba ya ndege.

Mama mkwe aliuziwa mchoro wa rangi wa ndege hiyo. Mchoraji alisoma herufi QJ kwenye picha ya zamani ya familia, akaandika chini yake: Kikosi cha 92, Biggin Hill, yaani uwanja wa ndege wa karibu na London. Haikuniingia akilini, maana marehemu babu alikuwa mtu wa Doncaster, mji wa Yorkshire kaskazini mwa Uingereza, na simulizi zake zote za Agosti ile zilikuwa za Yorkshire.

Kumbe mwaka 1940 vikosi viwili vilitumia QJ kwa wakati mmoja: cha 92 na cha 616 (South Yorkshire). Hao wa 616 walikuja kupewa YQ mwaka 1941. Kwa hiyo mtu akikwambia herufi mbili za ubavuni zinatosha kukitambua kikosi, usimkubalie.

Kwenye katalogi, kila mwezi umegawanywa: muhtasari wa matukio ni Fomu 540, na orodha ya safari zenyewe ni Fomu 541. Anza na 541. Humo mna tarehe, namba ya ndege, jina la rubani, saa ya kuruka na saa ya kutua. Maandishi ya taipu yamefifia, ila ukiyakuza yanasomeka. Jina la babu nililikuta Kikosi cha 616, uwanja wa Leconfield huko Yorkshire, tarehe 15 Agosti 1940, siku ndege za mabomu za Wajerumani aina ya Ju 88 zilipovuka bahari kutoka Denmark kuja kushambulia Yorkshire. Nililisoma kwa sauti, mume wangu akanyamaza kabisa.

Ile herufi ya tatu, ya ndege yenyewe, kwa kawaida haimo kwenye 541. Sisi tuliipata kwenye daftari la urubani la babu, alikoandika herufi tu bila namba. Nilioanisha tarehe na saa, mstari kwa mstari, mpaka herufi na namba zikakutana.

Picha nayo ikachunguzwe vizuri. Yetu haina ule mkanda mweupeweupe karibu na mkia, ulioanza kupakwa mwishoni mwa Novemba 1940, kwa hiyo ilipigwa kabla ya hapo. Na usishtuke ukiona duara la njano, lile la nje kwenye nembo ya RAF ubavuni, limetoka jeusi. Baadhi ya filamu za zamani ziliitia njano giza.

Lazima ujue kwanza namba ya kikosi, la sivyo utazama kwenye mafaili. Na kama ndege ya jamaa yako iliangushwa au yeye aliuawa, tafuta pia AIR 81, mafaili ya walioathirika, yanayofunguliwa kwa tukio moja moja.