Kaushio gani la matunda ununue kabla ya msimu wa embe

Aliyekulia Usukumani hahitaji kufundishwa kuanika. Michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyoanikwa, tumeila tangu utotoni. Shida ni kwamba viazi tunavianika kiangazi, Juni hadi Agosti, jua likiwa la uhakika. Embe za Mwanza hufurika kuanzia Novemba, na mvua nazo zipo. Embe ni maji zaidi ya asilimia 80, na sukari juu yake; kipande kikilala kibichi siku mbili kinachacha. Kwa hiyo swali langu kwa kila kifaa ni hili: wingu likitanda ghafla kutoka ziwani, embe zitapona?

1. Sanduku la mbao la jua. Hili ndilo ningenunua. Atakutengenezea seremala yeyote wa mtaani, mradi umsimamie. Sakafu ipakwe rangi nyeusi, juu iwekwe nailoni ya kitalu nyumba iliyokingwa dhidi ya jua, maana nailoni ya kawaida itapasuka mapema. Matundu ya hewa yawe chini mbele na juu nyuma, yote yazibwe kwa wavu, la sivyo nzi watakula kabla yako. Mafundi wengine huinamisha sana kifuniko kwa kuiga picha za Ulaya. Mwanza tuko karibu na Ikweta, jua la mchana liko utosini. Mwinamo wa kutiririsha mvua unatosha. Kwenye trei kataa wavu wa kuku: una zinki, na asidi ya matunda huila. Dai plastiki ya chakula au chuma kisichoshika kutu. Nunua na kipimajoto, utafute nyuzi 55 hadi 60. Kata vipande vya milimita 5 au 6. Vinene ndivyo vinavyooza katikati.

2. Mashine ya umeme. Mvua haiihusu, na usiku inafanya kazi. Ya wati 500 ikiwaka mfululizo saa 10 inakula uniti 5 za LUKU, kwa trei chache tu. Chagua yenye feni nyuma; feni ya chini hudondokewa na maji ya matunda. Soma kibandiko kabla ya kulipa: za mtumba kutoka Marekani ni volti 110 hadi 120, ukichomeka moja kwa moja umeiunguza.

3. Chanja na chandarua. Rahisi kuliko zote, na kiangazi inafaa sana kwa ndizi na papai. Novemba utashinda ukikimbia nayo ndani na nje. Usiiweke upande ambao upepo unatoka kwenye dagaa wa jirani. Nanasi lenye harufu ya dagaa hata watoto hulikataa.

4. Ovena. Usinunue kwa kazi hii. Zipo nyingi ambazo hazishuki hadi nyuzi 60, tunda linaiva nje na kubaki bichi ndani.

Chochote utakachochukua, bakiza hela ya makopo yenye mfuniko unaobana. Hewa ya ziwani ina unyevu, na embe kavu iliyoachwa kwenye mfuko wazi hulainika tena.