Biblia Habari Njema, maoni yangu baada ya miezi minne

Naona watu wanauliza sana kama Habari Njema inafaa au ni Biblia ya watoto, basi na mimi niseme ya kwangu maana nimeisoma kila jioni kwa miezi minne sasa.

Mi nimekulia kwenye Union Version, ile tafsiri ya Biblia ya 1952, ninayo ya jalada la ngozi, ina zipu na kingo za dhahabu, kila Jumapili ipo kwapani. Mistari naijua kwa kichwa, kwenye jumuiya mtu akianza tu mi namalizia. Hii Habari Njema wala sikununua kwa ajili yangu. Mama mkwe alikuja kukaa kwetu, macho yake hayaoni vizuri, ikawa kazi yangu kumsomea baada ya chakula cha usiku, na dada wa dukani akaniambia mama chukua hii, wazee wanaielewa. Bei nayo ilikuwa chini kuliko ile ya zipu.

Na kweli Kiswahili chake kimenyooka. Palipoandikwa BWANA kwenye Union huku ni Mwenyezi-Mungu, ilinichukua wiki kuzoea, ila kuna vichwa vidogo vya habari na hadithi zinasomeka bila kukwama.

Kilichonifanya niandike ni Luka 18, mfano wa Farisayo, mtu wa dini sana, na mtoza ushuru, walioenda hekaluni kusali. Union inasema Yesu alikuwa anawaambia watu "waliojikinai ya kuwa wao ni wenye haki". Hilo neno kujikinai nimelisoma tangu niko darasa la kipaimara na sijawahi kujiuliza maana yake, lilikuwa linapita tu na utamu wake. Huku imeandikwa waziwazi, ni watu waliojiona wema wakawadharau wengine. Halafu mtoza ushuru kwenye Union anasema "uniwie radhi", na sisi mtuwie radhi tumeshaizoea kwenye matangazo ya maji kukatika. Habari Njema anasema unionee huruma. Yaani huyu hana cha kujitetea kabisa, ni kama mtu amesimama dirisha la dawa na mtoto mgongoni na mfukoni hana kitu.

Mama akanisimamisha, "Rudia hapo kwa yule wa kwanza." Nikarudia, Farisayo anajisifu kwamba anafunga mara mbili kwa juma, anatoa zaka. Akakaa kimya kidogo akauliza, "Sasa mwanangu, huyo kosa lake nini? Si anafanya kama wewe?"

Hakuwa ananisema, aliuliza tu alivyoelewa. Na ni kweli mi nafunga Jumatano na Ijumaa na zaka yangu haijawahi kupita mwezi, na usiku ule ulikuwa wa Ijumaa, nimefunga, halafu nina miezi saba sipokei simu za mdogo wangu kwa ajili ya hela aliyokopa akashindwa kurudisha, na kila nikisikia jina lake kwenye maombi ya familia moyoni nasema afadhali mimi. Nilishindwa kumjibu mama. Kufunga sio kosa, zaka sio kosa, Yesu mwenyewe kwenye Mathayo 23 anawaambia Mafarisayo zaka za mnanaa, bizari na jira wasiziache, ila rehema wameiacha. Mi bizari nilikuwa nimeihesabu vizuri sana. Kesho yake nikampigia mdogo wangu, hakupokea, nikapiga tena jioni akapokea.

Siwezi kusema ni nzuri kila mahali. Zaburi mi narudi Union, "moyo uliovunjika na kupondeka, Ee Mungu, hutaudharau", hiyo ya 51 sijaona cha kuifikia. Na kama watoto wako wanakariri kanisani kwa Union watachanganyikiwa nyumbani. Lakini kwa mtu kama mimi ambaye mistari imeshakuwa wimbo mdomoni, naishauri sana, kwa sababu huwezi kuimalizia kwa mazoea, inabidi usikilize hadi mwisho.

Wakatoliki ulizeni toleo lenye Deuterokanoni, vile vitabu ambavyo Biblia za Kiprotestanti hazina, lipo. Na kama ni ya mzee fungueni kwanza pale dukani muangalie ukubwa wa herufi, halafu msimwachie asome mwenyewe, kaeni naye msome kwa sauti. Sisi tumefika Yohana sura ya 4, na mdogo wangu anakuja Jumamosi.