Majedwali ya hoki ya barafu ya watoto: la Kanada au la Marekani, lipi lifuatwe Nairobi?

Kocha wa Nairobi anayetaka kupanga watoto wa hoki ya barafu katika makundi ya umri na ustadi huwa na majedwali mawili ya kuiga, la Hockey Canada na la USA Hockey, mashirikisho ya mchezo huo ya Kanada na Marekani. Tumeyapima yote mawili kwa mizani ya hapa: barafu ndogo kuliko uwanja kamili wa mita 60, makipa wa kuhesabika, na watoto ambao wengi wao walijifunzia mwendo kwenye viatu vya magurudumu. Kwa maoni yetu, sehemu ya umri inafaa kuchukuliwa karibu yote. Sehemu ya herufi za ngazi ya ustadi, yaani AAA (ya juu kabisa), AA, A na B, ibaki kwao.

Tuanze na umri, maana hapo ndipo wazazi wengi hujikwaa. Kanada iliacha majina ya zamani kama Atom, Peewee na Bantam mwaka 2020, ikabaki na U7, U9, U11, U13, U15 na U18. Marekani huandika 8U, 10U, 12U, 14U, 16U na 18U. Ukitazama haraka utadhani wamepishana mwaka mmoja, lakini sivyo. U9 ni mtoto ambaye hajatimiza miaka 9 kufikia Desemba 31 ya msimu huo, na 8U ni mwenye miaka 8 kushuka chini siku hiyo hiyo. Kwa msimu wa 2025–26, aliyezaliwa 2015 au 2016 ni U11 kwa Wakanada na 10U kwa Wamarekani: mtoto yule yule, timu ya rika lile lile.

Majedwali huachana juu kabisa. U18 ya Kanada hubeba miaka mitatu ya kuzaliwa, kwa msimu huo 2008 hadi 2010. 18U ya Marekani huchukua 2007 na 2008. Kijana wa 2007 anayetaka kwenda kujaribiwa ng'ambo aangalie barua ya mwaliko imeandika nini, U mbele au U nyuma, kabla hajalipia tiketi.

Fomu ya usajili iulize mwaka wa kuzaliwa na nakala ya cheti, isiulize gredi. Darasa moja la Gredi ya 4 laweza kuwa na mtoto wa miaka 9 na mwingine wa 11, na kwenye barafu tofauti hiyo ni kubwa. Kwa kuwa sisi hatuna msimu wa baridi wa kuanzia Septemba, ni rahisi zaidi kuhesabu mwaka mzima kuanzia Januari hadi Desemba.

Kasoro ya majedwali yote mawili ni hiyo hiyo Desemba 31. Wa Januari 2 na wa Desemba 30 wamewekwa kundi moja ilhali mmoja amemtangulia mwenzake kwa karibu miezi kumi na miwili. Watafiti wa Kanada walionyesha tangu 1985 kwamba wachezaji waliofika juu wengi wao ni wa miezi ya mwanzo wa mwaka. Mkubwa huonekana hodari, hupewa muda zaidi wa kucheza, kisha huwa hodari kweli. Dawa yake ni ndogo: kocha aandike mwezi wa kuzaliwa kando ya jina, na kabla ya kumshusha mtoto autazame.

Kwa wadogo, jedwali la Marekani ndilo lililotufurahisha zaidi. Watoto wa 8U huchezea kwa upana wa uwanja, wanne kwa wanne, barafu moja ikigawanywa michezo miwili au mitatu, na paki (kisahani cha mpira kinachopigwa kwa fimbo) ya buluu ya gramu 113 badala ya ile nyeusi ya gramu 170. Paki nyepesi humruhusu mtoto wa miaka 6 kuinua na kupasi bila kupinda mgongo wote. Huu ni mpango uliotengenezewa viwanja vikubwa, ila kwetu unakaa kana kwamba ulikatwa kwa kipimo chetu, kwa sababu udogo wa barafu hapa si upungufu tena.

Jambo lisiloweza kulegezwa ni marufuku ya kikumbo, yaani kumgonga mpinzani kwa mwili ili kumnyang'anya paki. Marekani ilikiondoa kikumbo kwa 12U mwaka 2011, na Kanada ikakikataza U13 kushuka chini mwaka 2013. Vijana wawili wa miaka 13 wanaweza kupishana kilo 20, na ubao wa pembeni hauna huruma. Hata kwa U15 tungeshauri klabu ya Nairobi isiruhusu kikumbo mpaka kila kijana awe amefundishwa kukipokea: karibu na ubao, magoti yamekunjwa, kichwa juu.

Sasa herufi. AAA ina maana pale penye mamia ya watoto wa mwaka mmoja wanaogombea nafasi 17 za timu. Ukiwa na watoto 25 wa umri wote, kuwaita wengine A na wengine B ni kuwagawa bure, na wa B hawarudi Jumamosi inayofuata. Kinachohitajika ni makundi mawili ya ustadi ndani ya mipaka ya umri, yanayopitiwa upya kila baada ya wiki sita hivi.

Kipimo cha kuwagawa kiwe kusimama, si mbio. Mtoto aliyetoka kwenye magurudumu huja na kasi ya kutisha, anapita koni zote wa kwanza, kisha anakwenda kusimamia ubaoni: mwendo anao, breki hana. Kwenye magurudumu amezoea kuburuta mguu wa nyuma. Kwenye barafu lazima ageuze viatu vyote viwili kwa pamoja, akwangue barafu mpaka vumbi jeupe liruke. Asiyeweza kusimama hivyo kwa upande wa kulia na wa kushoto asipandishwe kundi, hata awe mwepesi namna gani. Baada ya hapo ndipo utazame kurudi kinyumenyume, kisha mchezo mdogo wa watatu kwa watatu. Wapimaji wawe wawili au zaidi, kila mmoja na karatasi yake, watoto wamevaa namba. Makipa wapimwe peke yao.

Na kabla ya kumwandikia mtoto alama yoyote, chuchumaa uangalie viatu vyake. Vifundo vikiinama ndani, mara nyingi tatizo si miguu, ni viatu vya kukodi vilivyo vikubwa. Legeza kamba, mwambie asukume vidole mpaka vigonge mbele, kisha pitisha kidole chako nyuma ya kisigino. Kikiingia kimoja, sawa. Vikiingia viwili, badilisha saizi. Viatu hivi kwa kawaida huwa chini ya saizi ya raba zake kwa moja au moja na nusu. Kamba zikazwe zaidi pale kwenye kifundo, si vidoleni. Watoto wengi walioshushwa kundi siku ya kwanza wangepanda siku hiyo hiyo kwa kubadilishiwa viatu tu.

Tangu Kenya iwe mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa, IIHF, mwaka 2024, rekodi za umri si mapambo tena. Mashindano ya dunia ya vijana ni ya U18 na U20, na klabu itakayoanza leo kuhifadhi vyeti na miaka ya kuzaliwa haitahangaika baadaye.

Alama zetu: umri, 4 kati ya 5 kwa yote mawili. Mpango wa wadogo wa Marekani, 5. Herufi, kwa Nairobi ya sasa, 1.