pwru: inajua pakiti ilipofia, ila usiishike ukiwa na haraka

Nyota mbili kati ya tano, na ya pili nimeitoa kwa shingo upande.

Ctrl+C ina maana moja tu: acha. Lakini pwru, zana ya Linux inayofuatilia pakiti fankisheni kwa fankisheni ndani ya kerneli (kiini cha mfumo), ikipokea Ctrl+C kwenye Ubuntu 22.04 yenye kerneli 5.15, ndiyo kwanza inaanza kazi nyingine, ya kung'oa ndoano zake. Ilichomeka zaidi ya elfu moja, moja kwa kila fankisheni ya kerneli inayopokea pakiti, na sasa inazichomoa moja moja huku hesabu ikitambaa kama konokono. Hapo seva ni ya ofisi hapa Mwanza mjini, watu wa Sengerema na Ukerewe wanapiga simu kwamba mfumo hauingiliki, na mtoa huduma wa laini ya pili (simtaji) keshajibu kwa nyodo: "Bosi, kwetu kuko vizuri, zima ruta uwashe." Nisameheni ukali.

Tatizo lenyewe ni la kila ofisi yenye laini mbili, hapa faiba na redio. Anayekuja kwa IP ya faiba anaingia. Anayekuja kwa IP ya redio anabisha hodi mpaka anachoka. tcpdump, inayonasa pakiti kwenye kadi, inaonyesha SYN (maombi ya kufungua muunganisho) zinafika eth1, kadi ya redio, moja, mbili, tatu, bila SYN-ACK (jibu lake) hata moja. ss -ltn inasema programu inasikiliza. Kaunta za iptables, ukuta wa kuchuja pakiti, hazionyeshi kilichotupwa. Hapo wengi hugeuka kumlaumu aliyeandika programu, kumbe kosa ni kuiamini tcpdump kupita kiasi. Hiyo ni karani wa geti la kivuko cha Kamanga upande wa mjini: atakuapia kwamba abiria kapita getini, ila kama alipanda au alirudishwa kabla kivuko hakijang'oa nanga, halimhusu. Nakala yake ya pakiti huichukua kabla pakiti haijafika ip_rcv, mlango wa IP ndani ya kerneli.

pwru ndiyo inayopanda kivuko:

sudo pwru --output-tuple --filter-track-skb 'tcp and dst port 8443'

Usiiwashe bila chujio. Huo ni uvuvi wa kokoro: unakokota kila kitu, mpaka pakiti za SSH yako mwenyewe, na kila mstari unaochapishwa unazaa pakiti nyingine. Hiyo --filter-track-skb nayo usiiache kama kuna NAT, kwa sababu anwani ikibadilishwa katikati chujio linapotezana na pakiti.

Majina yakaanza kushuka: ip_rcv_core, ip_route_input_noref, ip_route_input_slow, fib_validate_source, kfree_skb. Kwisha. fib_validate_source ndiyo inayouliza, "Huyu mtumaji nikimjibu, nitatokea mlango huuhuu?" Njia kuu iko kwenye faiba, pakiti imeingia kwa redio, rp_filter (mpangilio wa ukaguzi huo) imewekwa 1, yaani mkali, basi inatupwa kimyakimya. Hakuna RST (pakiti ya kukataa), na kama log_martians haijawashwa hakuna hata mstari wa logi. Kwa jibu safi namna hiyo nilipandisha nyota hadi nne.

Nikazishusha tena nilipokumbuka kwamba 5.15 haikwambii sababu. Unapewa jina la fankisheni, ubashiri mwenyewe. Sababu za kutupwa zilianza 5.17, na rp_filter ikapata jina lake 5.18. Toleo hilohilo ndilo lililoleta kprobe-multi, inayochomeka na kung'oa ndoano zote kwa mkupuo. Kwa hiyo sakinisha linux-generic-hwe-22.04 (kerneli mpya zaidi kwa Ubuntu hiyohiyo), washa seva upya, na kwenye 6.8 utasoma SKB_DROP_REASON_IP_RPFILTER bila kubashiri, na Ctrl+C inarudi kuwa Ctrl+C. Kama seva haiwezi kuzimwa, punguza ndoano:

--filter-func 'ip_.*|fib_.*|tcp_v4_.*|kfree_skb.*'

Hizo .* si pambo. Jina zima lazima lilingane, ukiandika ip_ peke yake hupati kitu. Na ukiandika kfree_skb tupu, kerneli mpya itakupita, kwa kuwa huko inaitwa kfree_skb_reason, na kuanzia 6.11 ni sk_skb_reason_drop.

Kurekebisha nako kuna mtego. Watu huweka net.ipv4.conf.eth1.rp_filter=0, hakibadiliki kitu, wanatukana. Kerneli huchukua namba kubwa kati ya ile ya all na ile ya kadi, hivyo all ikiwa 1, sifuri yako ni bure. Weka 2 (ukaguzi legevu) kwenye eth1. Ila hapo umeruhusu kuingia tu. Jibu bado linaweza kutokea kwa faiba likiwa na anwani ya redio, na mtoa huduma wa faiba ana haki ya kulitupa. Dawa kamili ni hii, majibu ya anwani ya redio yatokee redio, uweke anwani zako:

ip route add default via 192.0.2.1 dev eth1 table 200
ip rule add from 192.0.2.10 table 200

Baada ya hapo hata rp_filter ikibaki 1 pakiti inapita, maana ukaguzi wa njia ya kurudi unafuata kanuni hiyohiyo. Ukitumia fwmark (alama inayobandikwa kwenye pakiti) badala ya from, washa na src_valid_mark.

Sasa kinachokera. nstat -az TcpExtIPReversePathFilter ilikuwa inapanda kwa kila SYN tangu mwanzo, bila kusakinisha chochote, bila ndoano, bila kungoja. Nilitaka kurudi kwenye nyota moja. Lakini nani anaitazama kaunta hiyo, katikati ya rundo la kaunta, kabla hajaonyeshwa fib_validate_source? Basi nne kwa kerneli 6.8. Kwa 5.15 zibaki mbili.

Na yule wa "kwetu kuko vizuri" alikuwa sahihi, laini yake ilikuwa nzima. Hilo linaniuma kuliko Ctrl+C.