Nilivyoitazama "United States of Al" na kaka yangu aliyetoka jeshini

Nilifanya kazi ya ukalimani na wanajeshi wa Pakistani wa MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani, hapa Kivu Kusini, mashariki ya Kongo, mpaka walipofunga mizigo. Kambi ya Kamanyola ndiyo iliyotangulia kukabidhiwa, mwezi wa pili mwaka 2024, na kufikia mwisho wa Juni wote tulikuwa nyumbani. Kwa hiyo binamu yangu anayeishi Columbus, Ohio, aliponiandikia, "Kuna seri ya mkalimani na askari, itafute," sikungoja aseme mara mbili. Kijana anayejaza filamu kwenye flashi pale Nyawera, mjini Bukavu, alikuwa nayo yote: misimu miwili, sehemu 35.

Nieleze kwanza ni kitu gani. Ni vichekesho vya televisheni ya CBS ya Marekani, vilivyoanza tarehe 1 Aprili 2021 na kusimamishwa Mei 2022. Riley ni askari wa Marine aliyepigana Afghanistan na sasa amerudi kwao Columbus. Yeye na mke wake wameachana, binti yao Hazel yuko katikati, na yeye analala kwenye gereji ya baba yake. Hapo anafika Awalmir, wanayemwita Al, mkalimani wa kikosi chao, aliyesubiri viza mpaka akachoka kusubiri. Anapokewa kwenye gereji hiyohiyo. Mmoja anajifunza kuishi ugenini, mwingine anajifunza kuishi kwao, na ukitazama vizuri utaona kazi ya pili ndiyo ngumu zaidi. (Binamu yangu anasema Columbus ile si Columbus yake, maana picha zilichukuliwa studio kule Burbank, California. Mimi nisingejua.)

Sikuitazama peke yangu. Yaya, kaka yangu mkubwa, alikaa jeshini miaka mingi na kurudi mwaka 2016 na chuma mguuni. Anakuja kwangu Jumapili baada ya misa, anaketi karibu na mlango, ananyoosha mguu. Kiingereza hakijui, na maandishi ya Kifaransa yaliyokuwa chini ya picha yalipita haraka kuliko macho yake, kwa hiyo nikawa namtafsiria kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, kama nilivyokuwa nafanya kazini.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba Yaya hakucheka mahali pale wanapocheka wao. Kuna vicheko vinavyosikika nyuma ya picha kila baada ya maneno mawili, na mara nyingi vilimkera. Lakini Riley alipoonekana amelala gereji, katikati ya zana na maboksi, wakati nyumba ya baba yake ina vyumba, Yaya alitikisa kichwa na kuniambia, "Rudisha hapo." Nikarudisha. Akatazama tena, halafu akaniuliza, "Mimi nililala wapi niliporudi?"

Alilala kwenye jiko la nje la mama, kule Kadutu. Miezi minne. Mama anachochea makaa alfajiri, yeye bado yuko pale kwenye mkeka, amejifunika koti mpaka kichwani. Sisi tulidhani ameiona nyumba ni ndogo, au kwamba anawaonea haya wake zetu. Papa alinunua kitanda, kikakaa bila mtu. Hatukumuuliza.

"Nyumba ya papa ina mlango mmoja," aliniambia Jumapili ile, macho bado kwenye kompyuta. "Jiko lina milango miwili."

Miaka minane tumekula sahani moja na sikuwa nimelisikia hilo. Ndiyo sababu naandika haya yote. Seri hii ina makosa na nitayasema, lakini waliomwandika Riley waliketi na watu waliorudi vitani, wakawasikiliza. Riley hasimulii vita mezani. Baba yake Art, anayechezwa na Dean Norris, naye alikuwa mwanajeshi, na bado hawawezi kusemezana. Dada yake Lizzie alifiwa na mchumba wake vitani, naye pia anamzunguka kaka yake kama mtu anayepita karibu na chungu cha moto. Mtu pekee ambaye Riley hahitaji kumweleza chochote ni Al, kwa sababu Al alikuwepo. Wanaweza kuketi gereji bila neno, mmoja akajua mwenzake amekumbuka siku gani. Hilo nimeliishi. Kuna kapiteni mmoja Mpakistani niliyefanya naye kazi bonde la Ruzizi, tulipokuwa tukirudi kutoka doria tulikuwa tunanyamaza njia nzima, kisha anasema tu "chai?" na neno ni hilohilo kwake na kwangu. Kama lilivyo "dunia", kama lilivyo "kitabu". Ninapomsikia Al akiongea kwao kwenye simu, maneno mawili matatu yananifikia hivyo, yamevaa nguo nyingine lakini nayajua.

Sasa makosa. Al ni mwema mno. Anatafsiri kila kitu kwa uaminifu, anasuluhisha wenye nyumba, anamshauri mtoto, anasali, anapika, wala hachoki. Mkalimani wa kweli ana mzigo ambao seri hii haikuugusa vya kutosha. Mama mmoja wa Luvungi aliwahi kutufokea mchana kutwa kwa Kifuliiru kuhusu mbuzi wake walioibwa usiku, na maneno yake yalikuwa ya moto. Kapiteni akaniuliza anasema nini. Nikajibu, "Anaomba doria ipite huku usiku." Ni kweli aliomba. Lakini nilikuwa nimempa kapiteni robo tu ya alichosema mama yule, na nikabaki na robo tatu mimi mwenyewe, hadi leo ninazo. Na jioni ukirudi mtaani, wapo wanaokusalimia huku wakiangalia fulana yako ya kazi. Ningetaka kumwona Al na robo tatu zake.

Kosa lingine lilizungumzwa sana hata kabla ya sehemu ya kwanza kuonyeshwa: Adhir Kalyan, anayemcheza Al, si Mwafghani. Ni mzaliwa wa Durban, Afrika Kusini, mwenye asili ya Kihindi. Waafghani waliandika kwamba lafudhi si yao. Wapo Waafghani kati ya waandishi wa seri, na hilo linasikika kwenye mambo ya nyumbani, namna ya kumkaribisha mgeni, namna ya kumheshimu baba. Kalyan mwenyewe anaigiza kwa moyo, sina ubishi. Lakini sisi watu wa Kivu tunajua inavyouma kusikia mtu kwenye filamu akiambiwa ni Mkongomani na Kiswahili chake kinatoka popote isipokuwa hapa. Wanaolalamika wana haki yao.

Vanessa, mke wa Riley, aliachwa bila maneno ya maana kwa sehemu nyingi mno. Na mambo makubwa yanamalizwa kwa dakika ishirini na kidogo, kwa sababu kipindi lazima kiishe.

Isipokuwa sehemu ya kwanza ya msimu wa pili. Nawaomba mwitazame hata kama hamtatazama nyingine yoyote.

Kabul ilianguka tarehe 15 Agosti 2021. Seri ilikuwa ikijiandaa kurudi hewani, na walichokuwa wamepanga hakikuwezekana tena, maana dada yake Al kwenye hadithi, Hassina, alikuwa Kabul. Wakaandika upya. Ilionyeshwa tarehe 7 Oktoba 2021, miaka 20 kamili tangu Marekani ianze kupiga Afghanistan. Ndani yake hakuna bunduki hata moja. Kuna nyumba ya Ohio, watu wazima, na simu. Riley anapiga kwa kila mtu aliyewahi kumjua jeshini. Al anashika simu kwa mikono miwili. Marekani ilitunga sheria mwaka 2009 ya viza maalumu kwa Waafghani waliofanya kazi na majeshi yao, na kwenye sehemu hii unaona karatasi zote hizo zikisimama mbele ya lango la uwanja wa ndege ambalo msichana hawezi kulifikia. Vicheko vya nyuma vimepungua hadi unasikia watu wakivuta pumzi. Mwisho wake sisemi.

Hapa kwetu nani hajawahi kushika simu hivyo? Unapiga Uvira, unapiga Fizi, unapiga Walungu, inakuambia mwenye namba hapatikani, unapiga tena. Mama anauliza kutoka chumba cha pili, "Ameshika?" Unasema bado. Art, yule baba mkali, anauliza swali hilohilo mlangoni kwa uso tu, na nikasahau kutafsiri. Nilikuwa nimenyamaza dakika kama tano ndipo nikakumbuka kazi yangu. Nikamgeukia Yaya kuomba radhi. Akainua mkono, nimwache. Alikuwa anaelewa yote.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimeizuia kwa ajili ya robo tatu za Al. Ukiwa na mtu nyumbani aliyerudi kutoka jeshini, usimwambie "njoo utazame seri ya wanajeshi"; weka tu, mwachie kiti karibu na mlango, na uwe tayari kurudisha nyuma anapokuambia. Watoto wadogo wanaweza kutazama msimu wa kwanza, hauna picha mbaya. Sehemu ya Kabul iwekeni usiku wakishalala. Na chajini kompyuta mapema: sisi umeme ulikatika mara mbili, tukamalizia na betri.

Mama alikuwa nje akipaka chumvi sambaza, samaki wadogo wa ziwa, Jumapili ile ya milango miwili, dirisha likiwa wazi. Hakusema kitu. Juzi alinipigia akaniambia Jumapili ijayo anakuja na Yaya, nianzie pale askari anapolala gereji, na nimtafsirie polepole.