Kompyuta niliyojiundia kwa ajili ya Revit na Enscape: uzoefu wangu

Nianze na jibu kwa wenye haraka: kwa msanifu majengo anayefanyia kazi ofisini Dar es Salaam, kompyuta ya mezani uliyoichagulia vifaa kimoja kimoja inalipa kuliko laptopu ya gemu ya bei ileile. Yangu ina prosesa ya AMD Ryzen 7 7700, mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote) ya B650, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya kizazi cha DDR5 ya GB 64, kadi ya grafiki ya RTX 4070, SSD ya NVMe (diski ya kasi ya kuhifadhia faili) ya TB 1 na pawasaplai (kifaa kinachovipa vifaa vyote umeme) ya wati 750. Kazi zangu ni Revit, programu ya kuunda modeli ya jengo, kutwa nzima, AutoCAD ya michoro kidogo, na Enscape, inayoigeuza modeli kuwa picha kama halisi, pale mteja anapotaka kuiona nyumba yake kabla msingi haujachimbwa.

Kabla hujaulizia bei ya kitu chochote, jiulize programu yako inakula nini. Revit, kwa sehemu kubwa, inategemea kiini kimoja (core) cha prosesa. Ukisogeza ukuta wenye milango na madirisha, viini vingine vinakaa tu vikitazama. Kwa hiyo nilitafuta kasi ya kiini kimoja, si wingi wa viini. Ryzen 7 7700 ina viini 8, inapanda hadi GHz 5.3, na imepangiwa wati 65 tu, jambo la maana sana kwa joto letu la Februari. Anayerenda, yaani kutoa picha kama halisi za jengo, kwa programu ya V-Ray kupitia prosesa atahitaji viini 12 au 16, hilo sibishi. Lakini Enscape na wenzake Lumion, D5 na Twinmotion, mzigo wao mkubwa unabebwa na kadi ya grafiki, ndiyo maana fedha yangu nyingi ilikwenda huko.

Duka la kwanza walinisukumia RTX 4060. Ni kadi nzuri kwa nyumba moja ya kuishi. Tatizo ni kwamba kumbukumbu yake ni GB 8, na mandhari yenye miti, nyasi, magari na picha kubwa za vigae inaijaza upesi. Ikijaa, picha inaanza kukwamakwama, au programu inajifunga mbele ya mteja. RTX 4070 ina GB 12, na tofauti hiyo naiona kila siku. Kadi za kitaalamu za bei mbaya sikuzihitaji. Kwa Revit hii inatosha kabisa ukiiwekea dreva (programu ya kuiendesha kadi) ya Studio ya Nvidia.

Sasa kuoana kwa vifaa. Ryzen 7000 inakaa kwenye soketi (tundu la prosesa kwenye mazabodi) ya AM5 peke yake, na AM5 haipokei RAM ya kizazi cha nyuma, DDR4, kabisa. Upande wa Intel, soketi ya LGA1700 ina mazabodi za DDR4 na za DDR5, na zikiwa kwenye rafu huwezi kuzitofautisha kwa macho, hivyo soma boksi. Nilitumia PCPartPicker, tovuti ya bure: unapanga vifaa vyako, inakuonya visipooana na kukukadiria wati. Naipa alama za juu. Bei zake si za kwetu, hizo nilizipita. Na wenyewe wanaandika wazi kwamba vipimo vingine vya umbo hawavikagui, kwa mfano RAM ndefu kugongana na kipoza prosesa. Hapo nilichukua rula. Kipoza changu, Thermalright Peerless Assassin 120 SE, kina kimo cha mm 155, na kasha linaruhusu mm 160. Kioo cha ubavuni kinafunga bila kulazimishwa. Feni ya mbele inakaa karibu kabisa juu ya RAM, ndiyo maana nilichukua RAM fupi zisizo na mapambo ya taa.

Kwenye RAM nilibishana kidogo. Kijana wa duka Kariakoo aliniambia, "Dada, chukua GB 16 nne, ni zilezile 64 na bei inapungua." Nikamwambia, "Hapana mdogo wangu, nipe 32 mbili." Kwa Ryzen 7000, AMD wanathibitisha kasi ya 5200 ukiweka vijiti viwili vya RAM, lakini 3600 tu ukiweka vinne. Viwili hivyo vinakaa nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Kisha ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mazabodi) uwashe EXPO, mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili, la sivyo RAM ya 6000 uliyoilipia itakimbia kwa 4800 na wala hakuna atakayekuambia. Je, GB 64 ni nyingi mno? Autodesk husema modeli inaweza kudai RAM hadi mara 20 ya ukubwa wa faili, maana yake faili la MB 700 ni GB 14. Kwa wengi GB 32 inatosha. Mimi hufungua modeli za wahandisi zikiwa zimeunganishwa na yangu, Enscape nayo ikiwa juu.

Kadi na pawasaplai aliniletea shemeji kutoka Dubai, kwenye maduka ya kompyuta ya Bur Dubai. Plagi na volti za kule ni kama zetu. Prosesa na kadi zikichapa kazi pamoja hazifiki wati 300, kwa hiyo wati 750 ni nafasi ya kutosha. Fundi mmoja alitaka kutumia waya wa pawasaplai nyingine kwa kuwa kichwa kinaingia. Nilimkatalia palepale, na wewe kataa: upande wa pawasaplai kila kampuni inapanga pini zake, na waya usio wake unaweza kuiunguza SSD yako. Weka na UPS, betri ya akiba ya kompyuta; yangu ni ya VA 1500, inanipa muda wa kuhifadhi faili umeme ukikatika.

Ukiiwasha mara ya kwanza, skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa huku mazabodi ikiizoea RAM. Usizime. Na waya wa skrini uchomeke kwenye kadi ya grafiki, maana Ryzen 7000 nyingi zina grafiki yao ndogo: ukichomeka kwenye mazabodi picha itakuja, na utabaki kushangaa kwa nini Enscape inajikokota.

Malalamiko yangu ni mawili. Kasha lenye uso wa wavu linapoza vizuri ila linameza vumbi, kichujio nakisafisha mara kwa mara. Na TB 1 inajaa haraka kwa maktaba za Enscape na picha za vigae. Mazabodi ina nafasi ya pili ya NVMe, nitaongeza TB 2 hapo. Prosesa siigusi kwa sasa. AMD wameahidi kuiendeleza AM5 hadi 2027 na zaidi, hivyo siku ya kubadili nitanunua prosesa peke yake na kuiacha mazabodi na RAM hizihizi.