Daraja la Mida, Watamu: uliza maji kwanza

Kama una siku moja tu ya kutazama ndege wahamiaji hapa Pwani, ipeleke Mida, hori ya bahari yenye mikoko karibu na Watamu. Daraja la mbao la kuning'inia linakupitisha katikati ya mikoko mpaka kibanda cha kutazamia ndege, pale tope la hori linapoanza. Linayumba, kwa hiyo watoto washikwe mkono.

Dereva tuliyemkodi alishikilia kwamba saa yoyote ni sawa, akatufikisha maji yamepwa kabisa. Ndege walikuwa vidoa tu huko mbali. Kijana aliyetuongoza, mwenyeji wa hapo hapo, akasema tungoje maji yapande. Kadiri tope lilivyofunikwa ndivyo ndege walivyosukumwa upande wetu: sululu, vitwitwi wa kila namna, na yule mwenye mdomo uliopinda juu anayekimbizana na kaa kama amechelewa chakula.

Mimi nilimfuata hasa ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene. Huyu huzaliana Oman, kwingine kwenye Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Shamu. Huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja, jeupe. Kwenye darubini nikamwona mmoja amekamata kaa. Kinda wake, wa kijivu, kimo karibu sawa na yeye, akamjia mbio kichwa kikiwa chini, analia apewe. Akapewa! Amevuka bahari yote ile na bado analishwa na mzazi. Sikutaka kumwachia mtu darubini.

Mwongozaji mchukue, usijiendee mwenyewe. Wetu alitutenganishia vitwitwi wa mchanga, mkubwa na mdogo, kwa mdomo na miguu tu, na wale wakisimama pamoja ni shida kweli. Mlipe vizuri. Ada ya daraja nayo inasaidia karo za wanafunzi wa sekondari wanaoishi kando ya hori na msitu wa Arabuko-Sokoke, kupitia ASSETS, mpango wa karo wa shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya, na mimi ningelipa hata zaidi.

Nenda kati ya Oktoba na Machi. Uwe kibandani muda wa saa mbili au tatu kabla maji hayajajaa, na siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, uwahi zaidi maana hupanda kwa kasi. Chukua kofia na maji ya kunywa. Ukibakiwa na jioni, mlango wa mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi, una shakwe na membe wengi, na mara nyingine heroe.